Kalibu na Moto: Nani Atangulie?

  Katika kurasa hizi tumezoea kusoma mashairi, ngano na insha za nidhamu. Mwaka huu mimi nimeamua kuwaletea somo la vyuma. Najua kuna mtu ameshaguna, "Vyuma na Kiswahili, wapi na wapi?" Subiri kidogo, ndugu yangu. Ukifika mwisho utaona kwamba mababu zetu walilijua jambo hili, tena walitupa methali yake.

Swali la somo letu ni moja tu. Fundi ana bati ambalo anataka kulipa umbo kwa kalibu, na pia anataka kuliunganisha na jingine kwa moto wa kuchomelea. Je, aanze na lipi? Usidhani ni swali dogo. Mwenye kukosea hapa anaweza kupoteza bati, anaweza kuharibu kalibu, na anaweza hata kupoteza maisha. Mimi mawili ya kwanza yamenipata. Hilo la tatu lilinipita karibu sana, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

MANENO TUTAKAYOTUMIA

Kabla hatujaingia kwenye kibanda cha fundi, tukubaliane kuhusu maneno.

(a) Kalibu ni kifaa chenye umbo ambalo fundi anataka bati lichukue. Mafundi wengi wa Jua Kali huiita "dai". Kalibu ninayoizungumzia hapa ina sehemu mbili. Sehemu yenye shimo mjomba wangu huiita jike, na ile inayoingia shimoni huiita dume. Bati hulazwa katikati, halafu dume likasukumwa kwa nguvu.

(b) Kukandamiza ndiyo kazi yenyewe ya kulisukuma bati ndani ya kalibu.

(c) Kuchomelea ni kuziyeyusha kingo za vyuma viwili hata vishikane na kuwa chuma kimoja. Vibandani utasikia "kuweldi". Tusichanganye na kulehemu kwa risasi kama wafanyavyo mafundi wa redio. Kule ni risasi tu inayoyeyuka, chuma chenyewe kinabaki vilevile.

(d) Rodi ni kile kijiti cha chuma kilichopakwa unga mgumu, ambacho fundi hukishika kwa koleo la umeme. Kinapoyeyuka kinajaza nafasi kati ya vipande viwili.

(e) Mshono ni pale vyuma viwili vilipounganishwa kwa moto. Neno tumeliazima kwa fundi cherehani, nalo linatosha kabisa.

KALIBU HUFANYA NINI

Mjomba wangu ana kibanda mtaani kwetu. Hutengeneza mageti, majiko na wilbaro. Mwenye kupita Kamukunji, Nairobi, amewaona mafundi wakifua mabati juu ya vipande vya reli, na kelele zake zinasikika mbali. Mjomba naye ana kipande chake cha reli, lakini pia ana mashine aliyojitengenezea: fremu ya vyuma vizito, chini yake jeki ya lori. Ukipiga jeki, dume linapanda polepole na kulisukuma bati ndani ya jike. Kalibu yake kubwa ni ya gurudumu la wilbaro. Visahani viwili hukandamizwa vikawa na tumbo, halafu vinafunganishwa ukingo kwa ukingo kwa kuchomelewa.

Sasa tujiulize, bati linapatwa na nini mle ndani? Linapatwa na mambo matatu.

Kwanza, linavutika. Pale lilipopinda kwenye kona ya kalibu linakuwa jembamba kuliko lilivyokuwa. Ndiyo maana kona za kalibu nzuri huwa za mviringo na hupakwa grisi. Kona kali hukata bati kama kisu.

Pili, pembeni linabanana. Duara kubwa linavutwa liingie kwenye shimo dogo, kwa hiyo ukingo wake lazima upungue. Usipobanwa, unafanya makunyanzi kama sketi ya shule. Ukibanwa kupita kiasi, bati linakataa kuingia na kupasuka. Fundi lazima apate kiasi cha kati na kati.

Tatu, linakuwa gumu. Chukua waya, uukunje na kuukunjua mara nyingi mahali pamoja. Mwanzo ni laini, baadaye unagoma, mwisho unakatika. Bati nalo ni hivyo hivyo. Kila likikandamizwa linaongeza ugumu na kupunguza uwezo wa kuvutika tena.

MOTO HUFANYA NINI

Chuma cha pua huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1500 hivi za Selsiasi. Moto wa umeme unaotoka kwenye ncha ya rodi una joto kali kuliko hilo mara kadhaa, ndiyo sababu unayeyusha chuma mara moja. Lakini usiangalie mshono peke yake. Angalia pande zake mbili. Pale chuma hakikuyeyuka, ila kiliiva kikawa chekundu. Chembe zake za ndani zimebadilika. Ule ugumu kiliopata kwenye kalibu umepungua, na nguvu yake hailingani tena na ya jirani zake. Mara nyingi kitu kilichochomelewa hakikatikii kwenye mshono wenyewe, kinakatikia ubavuni mwake.

Tena chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa husinyaa. Mshono unapopoa unataka kusinyaa, lakini bati baridi la pembeni linaukatalia. Basi wanabaki wakivutana. Bati likiwa jembamba hujipinda kama chapati iliyoachwa juani. Likiwa nene halijipindi, lakini ule mvutano unabaki umefichwa ndani yake. Mvutano huo tutauita mkazo. Haukuonyeshi sura yake, ila upo.

Mjomba ana njia yake ya kuupunguza. Hachomelei mstari mrefu kwa mkupuo mmoja. Hutia vidoa vidogo kwanza, kimoja huku na kingine upande wa pili, ndipo arudi kujaza katikati kidogo kidogo.

KWA NINI TUSITUMIE KIMOJA TU?

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: kama kalibu inalichosha bati na moto unalitia mkazo, kwa nini tusichague kimoja tukaachana na kingine? Tuchukue mfano wa kitu ambacho kiko jikoni kwa wengi wetu, yaani mtungi wa gesi ya kupikia.

Tuseme tunataka kutengeneza mtungi wenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa sentimita 40. Tutumie kalibu tu, bila moto. Tutahitaji duara la bati lenye ukubwa gani? Eneo la bati halibadiliki sana likikandamizwa, kwa hiyo eneo la duara ni sawa na eneo la kitako na la ukuta wa kikombe yakijumlishwa. Tukiita kipenyo cha duara D, kipenyo cha kikombe d na kimo chake h, tunapata:

D² = d² + 4dh

Sasa tuweke tarakimu: 30 × 30 ni 900. Na 4 × 30 × 40 ni 4800. Jumla ni 5700. Kipeuo chake cha pili ni 75.5 hivi. Yaani duara la sentimita 75.5 lilazimishwe kuingia kwenye shimo la sentimita 30. Hiyo ni mara mbili na nusu! Chuma laini kizuri, kwa mkandamizo mmoja, kwa kawaida huvumilia kama mara mbili hivi. Ukizidisha, kitako kinatoboka na dume linatokea upande wa pili.

Lakini tukitengeneza vikombe viwili, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 20, hesabu inabadilika: 900 kujumlisha 2400 ni 3300, na kipeuo chake ni 57.4. Gawanya kwa 30, unapata 1.9. Inawezekana! Kisha vikombe viwili vinafumbatana mdomo kwa mdomo, na moto unavishona kiunoni.

Wewe utasema, "Si tukandamize mara mbili au tatu, pole pole?" Sawa, inawezekana kufikia kimo hicho. Lakini mtungi umefungwa juu na chini, una tundu dogo tu la vali. Dume likishaingia ndani, litatokea wapi? Hapo ndipo kalibu inapomhitaji moto.

Na moto je, unaweza bila kalibu? Tungeweza kukunja bati likawa bomba, tukalichomelea kwa urefu, halafu tukalifunika juu na chini. Mitungi mikubwa ya kilo 50 mingi hutengenezwa karibu hivyo, bomba katikati na vifuniko viwili vya mviringo vilivyokandamizwa. Lakini mshono wa urefu una kazi nzito. Hebu fikiria soseji kwenye kikaango. Ikipata moto sana hupasuka vipi? Hupasuka kwa urefu, haikatiki katikati.

Sababu yake ni hii. Gesi iliyo ndani inasukuma kila upande. Ukipima nguvu inayotaka kuupasua mtungi kwa urefu, ukaigawanya kwa chuma kinachoizuia, utapata mkazo ambao ni mara mbili ya ule unaotaka kuukata kiunoni. Kwa hiyo mshono wa kiunoni unabeba nusu tu ya mzigo ambao mshono wa urefu ungeubeba. Kalibu imeuondolea mtungi mdogo ule mshono wa hatari, ikauachia ule wa nafuu. Huku ndiko kushirikiana.

MTUNGI UNAVYOTENGENEZWA

Basi kiwandani mambo hufuatana hivi. Bati nene la chuma laini hukatwa maduara. Maduara hukandamizwa yakawa vikombe. Midomo ya vikombe hupunguzwa ikawa sawasawa, kwa maana ukingo wa bati lililokandamizwa hautoki laini. Kisha mdomo wa kikombe kimoja husukumwa ndani kidogo, uwe mwembamba kwa kipenyo, ili uingie katika mdomo wa mwenzake. Tazama werevu huo! Ule mdomo ulioingia ndani unakuwa kitanda cha mshono. Moto ukiwaka juu yake, chuma kilichoyeyuka hakimwagiki ndani.

Kikombe cha juu hutobolewa, na kipande cha kushikia vali huchomelewa hapo. Kola ya juu na pete ya chini ambayo mtungi huikalia nazo huchomelewa. Halafu vikombe viwili vinafungwa pamoja, vinazungushwa na mashine, na mshono wa kiunoni unapigwa mzunguko mmoja bila kukatika. Mashine inaweza kazi hiyo kwa sababu kalibu imetoa vikombe vinavyofanana. Nafasi kati yao ni ile ile pande zote. Kibandani, bati lililofuliwa kwa nyundo huwa na nafasi kubwa huku na ndogo kule, na fundi humaliza rodi akizibaziba. Kwa hiyo mkandamizo mzuri unapunguza gharama ya moto.

Baada ya hapo mtungi unaingia tanuri. Unapashwa joto wote mzima, kisha unapoa taratibu, na ule mkazo uliofichwa unalegea. Halafu unajazwa maji na kupimwa kwa shinikizo kubwa kuliko lile utakalolibeba nyumbani. Kwa nini maji na si hewa? Kwa sababu mtungi ukipasuka una maji, yanamwagika tu. Ukipasuka una hewa iliyobanwa, unaruka kama bomu. Vali ikishafungwa, hupimwa tena kama unavuja.

Tafadhali kumbuka mfuatano huo: kalibu, moto, tanuri, kipimo. Nitaurudia.

KOSA LANGU

Sasa niwaambie aibu yangu. Likizo ya Agosti nilikuwa nikifanya kazi kwa mjomba. Kwa kila gurudumu la wilbaro nililomaliza, aliniwekea pesa kidogo za karo ya muhula wa tatu. Nikaona kuna vipande vingi vya bati vimebaki pembeni, vidogo kuliko duara linalohitajika. Nikajiambia, "Mbona tunatupa mali? Nikichomelea vipande viwili, nipate duara zima, halafu nilikandamize, si nimepata gurudumu la bure?" Mjomba alikuwa ameenda kununua rangi. Nikaingia kazini.

Nilichomelea vizuri, tena kwa majivuno. Mshono ulipita katikati ya duara. Nikausawazisha upande wa juu kwa grainda, upande wa chini nikauacha na nundu yake. Nikapaka grisi, nikapiga jeki. Dume likapanda. Nikasikia mlio kama kuni kavu inavyovunjika. Nilipotoa kisahani, kilikuwa kimepasuka kutoka katikati hadi ukingoni. Mshono wenyewe ulikuwa mzima! Mpasuko ulikuwa kandokando yake, kama mto ufuatao barabara.

Mjomba aliporudi hakupaza sauti. Alikiokota kisahani, akakigeuza, akaniuliza, "Vipande hivi vilikuwa na unene sawa?"

Sikujua. Tukapima. Kimoja kilikuwa milimita 1.5 na kingine 1.2.

"Basi umemfunga punda na mbuzi kwenye mkokoteni mmoja," akasema. "Kalibu ilipovuta, mnene hakusogea. Mwembamba ndiye aliyevutika peke yake, tena pale ulipomchoma. Angefanyaje zaidi ya kupasuka?"

Kisha akaingiza kidole ndani ya jike. Ile nundu niliyoiacha chini ilikuwa imekwaruza kalibu mfereji mrefu. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanguka. Kisahani ni bati tu, lakini kalibu ndiyo mkate wa kibanda. Tulikaa siku mbili tukiipiga msasa badala ya kutengeneza magurudumu. Karo yangu ilichelewa juma zima, na sikuwa na mtu wa kumlaumu. Bure ilikuwa imenigharimu.

PALE MOTO UNAPOTANGULIA

Baada ya hapo nilidhani nimepata kanuni: usichomelee kamwe kabla ya kukandamiza. Nilipomwambia mjomba akacheka. Alinionyesha ringi ya gari iliyokuwa imeegemezwa ukutani.

Ringi ya chuma ina sehemu mbili. Ile sahani ya katikati yenye matundu ya nati hukandamizwa kwa kalibu. Lakini ile pete inayoshika tairi huanza kama utepe wa bati. Utepe unakunjwa ukawa mduara, ncha zake zinachomelewa pamoja, nundu ya mshono inakwanguliwa ndani na nje mpaka iwe sawa na bati, ndipo pete hiyo inapitishwa kwenye magurudumu ya chuma yanayoipa ule mgongo na mabonde yake. Hapa moto umetangulia na umbo limefuata! Mwishowe sahani na pete huchomelewa pamoja. Kwa hiyo ringi moja imepita kwa moto mara mbili, mara ya kwanza kabla ya umbo na mara ya pili baada ya umbo.

Viwanda vya magari navyo, tangu miaka ya 1980, huunganisha mabati yenye unene tofauti kwa miale ya leza, kisha huyakandamiza pamoja. Ukuta wa ndani wa mlango, kwa mfano, unaweza kuwa mnene upande wa bawaba, ambako kuna mzigo, na mwembamba kwingine, ili gari liwe jepesi. Yaani wanafanya kile kile kilichonishinda mimi!

Tofauti iko wapi? Wao wanajua chuma chao ni cha aina gani na unene gani. Mshono wao ni mwembamba, umenyooka, na hauna nundu. Moto wao umegusa sehemu ndogo sana. Na zaidi ya yote, wanaupanga mshono upite mahali ambapo kalibu haivuti sana. Mimi niliupitisha katikati kabisa, nikauburuta juu ya kona.

Basi kanuni yenyewe si "kalibu kwanza" wala "moto kwanza". Kanuni ni kwamba ujiulize bati litavutika wapi, na mshono uuweke mbali na hapo. Kama huwezi kuuweka mbali, kandamiza kwanza, uchomelee baadaye. Na kama lazima moto utangulie, basi mshono uwe na uwezo wa kuvutika kama bati lenyewe.

MAMA NA MTUNGI

Juma lililofuata, asubuhi, alikuja mama mmoja auzaye chapati karibu na stendi. Alibeba mtungi wa kilo 6. Pete ya chini ilikuwa imeliwa na kutu, imeachia upande mmoja, na mtungi ulikuwa ukiyumba jikoni.

"Mwanangu, nitilie vidoa viwili tu usimame," akasema. "Gesi imeisha. Wateja wananingoja."

Mjomba alikuwa nje akizungumza na mteja. Mimi nilikuwa bado nina kiu ya kufuta ile aibu. Nikatazama pete, nikaona ni kazi ya dakika moja. Nikaweka rodi kwenye koleo. Nikainua mkono kushusha kinyago machoni.

Nilisikia kishindo nyuma yangu na mashine ikazimika. Mjomba alikuwa amezima swichi kuu. Sijawahi kumwona vile. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

"Mama, nisamehe," akamwambia kwanza yule mama kwa heshima. "Kazi hii hatuifanyi hapa, hata ungenilipa mara kumi." Halafu akanigeukia. "Wewe kijana, mtungi umeisha nini?"

"Gesi, mjomba."

"Haujaisha. Moto wa jiko ndio umeisha."

Akatueleza sote wawili. Mtungi ulioitwa mtupu bado umejaa gesi ndani, ila haina nguvu ya kutoka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini sakafuni kama maji. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu 2 hadi 10 hivi katika 100, cheche moja inatosha. Na kwenye kibanda cha kuchomelea, cheche ni nyingi kama mchanga.

Hilo ni moja. La pili ndilo linalohusu somo letu. Tuseme gesi isingelipuka. Ningechomelea pete, mtungi ungesimama wima, mama angeshukuru na kwenda zake. Lakini ningekuwa nimewasha moto kwenye ukuta ambao kiwanda kilikwisha upitisha tanuri ili kuondoa mkazo. Mkazo ungerudi, na mimi sina tanuri. Sina maji ya shinikizo ya kuupima. Ningemrudishia mtungi ambao hakuna aliyejua nguvu yake, naye angeuweka hatua mbili kutoka kwenye foleni ya wateja na watoto wa shule. Ule mfuatano niliowaambia, kalibu, moto, tanuri, kipimo, mimi ningeuongezea moto wa pili halafu nikaishia hapo.

Wasomaji wa Nairobi hawajasahau mlipuko wa gesi wa Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Ule haukutokana na kazi kama yangu, lakini ulituonyesha gesi hii inaweza kufanya nini mtaani. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa.

Mama alinung'unika kidogo, maana siku ya biashara ilikuwa inampotea. Mjomba alimpa jiko la makaa aliazime kwa siku hiyo, na mimi nikatumwa kumsindikiza hadi kwa muuzaji wa gesi, aurudishe ule mbovu na kuchukua mzima. Njiani aliniuliza, "Kweli ungelipuka?" Nikamjibu kwamba sijui, na sasa najua kuwa kutojua ndiko kulikuwa hatari yenyewe.

HITIMISHO

Naam, wapenzi wasomaji, tumefika mwisho. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kuitumia methali hii kwa malezi ya watoto, lakini ukiitazama vizuri ni kanuni ya fundi vyuma: toa umbo kwanza, moto uje baadaye. Ukimkaanga samaki halafu ukataka kumkunja, utabaki na vipande, kama kisahani changu. Ringi ya gari imetuonyesha kwamba kuna wakati samaki huweza kukunjwa akiwa amekwisha iva, lakini mkunjaji lazima awe bingwa na samaki awe amepikwa kwa kipimo.

Mimi ningependa kuongeza kipande kidogo tu. Ukishamkunja na kumpika, mpime kabla hujampa mtu. Kile kisahani kilipasuka mikononi mwangu, hasara ikawa yangu. Mtungi ungepasuka mikononi mwa mama wa watu.

 Ukipita karibu na kibanda cha fundi na ukaniona nimevaa kinyago, nisalimie kwa Kiswahili sanifu. Nitakujibu nikimaliza mshono.

MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kuchomelea na kulehemu kwa risasi.

2. Fundi anataka kukandamiza kikombe chenye kipenyo cha sentimita 20 na kimo cha sentimita 15. Tafuta kipenyo cha duara la bati atakalohitaji. Je, ataweza kwa mkandamizo mmoja?

3. Kwa nini soseji hupasuka kwa urefu? Husisha jibu lako na mahali pa mshono wa mtungi wa gesi.

4. Taja makosa matatu aliyoyafanya mwandishi alipotengeneza kisahani cha gurudumu.

5. Tafuta methali nyingine ya Kiswahili inayoweza kumfaa fundi vyuma, uieleze kwa mfano wako mwenyewe.

(Jibu la swali la 2: 400 + 1200 = 1600, kwa hiyo duara ni la sentimita 40. Ukigawanya kwa 20 unapata 2 kamili. Yuko ukingoni kabisa: apake grisi ya kutosha, ahakikishe kona za kalibu ni za mviringo, na asiende kununua rangi kazi ikiendelea.)